Mironjo ya Chilumba

Haji alikuja na kapu la mtama. Akaliweka kizingitini, si ndani wala si nje, akaondoa majani yaliyolifunika ili harufu itangulie kuongea kabla yeye hajafungua kinywa.

Mwaka ule nyumba za Newala zilikuwa zimesahau harufu ya mtama. Vita vya maji vilikuwa vimekwisha, askari wa Mdachi walikuwa wamepita na mienge yao, na ghala ambalo hawakulichoma walilikomba mpaka vumbi. Watu walikula ming'oko. Waliichimba porini mpaka kucha zikatoa damu, na ming'oko yenyewe kama iliyosikia habari zao, kila wiki ilizidi kwenda mbali. Ndiyo aliyokuwa akiichambua Sijaona siku ile, ameketi chini, mizizi myembamba kama vidole vya mtoto mgonjwa.

"Hodi, Mama Hamidu."

"Karibu, Mzee Haji. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Napita tu."

"Unapita na kapu?"

"Kapu limenifuata lenyewe," akasema Haji, akajichekea. Akavuta kigoda, akaketi bila kuambiwa. Alikuwa Myao wa upande wa Masasi, mtu wa kuuza na kununua, na hata katika njaa ile kitambi chake kilikuwa hakijateremka. "Nasikia una miti ya kuanikia. Ile iliyo juu ya meko."

Sijaona hakuinua macho. "Ipo."

"Miwili."

"Miti ya kuanikia huwa miwili."

"Basi kapu hili ni la miti miwili," akasema Haji.

Wote wawili walijua miti ile haijaanika hata jani. Ilikuwa mironjo ya Chilumba, mume wa Sijaona. Mchezaji hufungwa miguu juu ya mironjo, miti mirefu ya kutembelea, akavikwa nguo mpaka chini, usoni kinyago, akatembea akiyapita mapaa kwa urefu siku watoto wanapotoka likumbi, yaani kambi ya jando. Kwa wanaume hiyo ni siri. Kwa wanawake, anayetembea kule juu si mtu. Ni mmoja wa waliokufa, amerudi kuwatoa watoto. Kila mwanamke wa Newala alimjua mchezaji ni nani, na hakuna aliyemjua. Mke wa mchezaji ndiye aliyejua kuliko wote, kwa hiyo ndiye aliyetakiwa kutojua kuliko wote. Mironjo ikilala nyumbani mwake, basi ni miti ya kuanikia, na mkono wake usiiguse.

"Mwenyewe hayupo," akasema Sijaona.

"Mwenyewe atarudi lini?"

Mzizi ukamkatikia mkononi. Chilumba aliondoka na wenzake mwezi ule Masasi ilipowaka moto. Mavuno mawili yalikuwa yamepita. Hakuna aliyeleta maiti yake, wala nguo, wala neno.

"Akirudi utamuuliza," akasema.

Haji akainuka taratibu, akafunika kapu kwa jani mojamoja kama anayemlaza mtoto. "Mama Siti aliona mbali," akasema. "Mtama wake nilimpa umejaa hivi hivi."

Sijaona alingoja mpaka nyayo za Haji zikaisha njiani. Kisha akaokota punje tatu zilizodondoka kizingitini, akazitafuna moja moja, kwa aibu, kama aliyeiba.

*

Mama Siti ni Kurwa, jirani. Mumewe alikufa mbele ya macho yake, hakuwa na la kungojea, na miti yake ya kuanikia aliitoa kwa kapu moja lililoliwa siku kumi na mbili. Sasa kijana wake alipotaka kucheza, alikwenda kwa Haji kukodi mironjo ya baba yake mwenyewe. Akipewa kuku wawili, mmoja wa Haji. Akipewa shuka, inachanwa kati.

Hamidu, mtoto wa pekee wa Sijaona, kijana wa miaka ishirini, naye alikodi kwa Haji. Jozi aliyopewa ilikuwa imepita miguu mingi. Huyu mrefu, yule mfupi, kila mmoja anakaza kamba anavyojua, akimaliza anaitupa ukutani kwa Haji, mvua inyeshe jua liwake. Nani apake mafuta mti ambao kesho ni wa mwingine? Haji mwenyewe alikuwa anahesabu jozi bila kuzishika. Hamidu alirudi nyumbani vifundo vimechubuka na nusu ya kibaba ndani ya kitambaa.

"Ile ya Mzee Haji inalia," alimwambia mama yake siku moja wakila.

"Inaliaje?"

"Ukikanyaga, ndani kunasagika. Kama mtu anatafuna."

Hamidu akatazama juu ya meko, penye moshi, mahali jamvi lilipoviringishwa likafungwa kamba.

"Mama, na ile—"

"Ile ni ya baba yako."

"Ndiyo nasema. Baba hawezi kukataa—"

"Hamidu, mtu aliye hai hapandiwi mironjo yake!" Neno lilimtoka zima zima. Mama na mwana wakatazamana, wote wakageuza macho, kila mmoja akajifanya hakusikia alichosikia.

Lakini ndivyo ilivyokuwa desturi. Mironjo ya mtu haipandwi na mwingine mwenyewe akiwa anapumua. Siku ikipandwa na mwanawe, ndiyo siku aliyekufa ametangazwa. Maadamu jamvi lilikuwa juu, Chilumba alikuwa safarini tu.

Na Sijaona alihakikisha kwamba safari haiharibiki. Kila mwezi ulipoandama, Hamidu akiwa porini, alifunga mlango mchana kweupe, akaliteremsha jamvi. Alijua la kufanya kwa sababu alikaa na Chilumba miaka ishirini na mbili akiwa amempa mgongo, akisikiliza. Alifuta masizi. Aligonga mti kwa kifundo cha kidole toka juu mpaka chini, akitega sikio: mti mzima hujibu kwa sauti nene, ulioliwa na dumuzi hujibu kama kibuyu. Alitazama kisigino cha mronjo wa kushoto, kilichoisha upande wa nje, kwa maana Chilumba aliburuta kidogo mguu huo. Kamba za gome zilizokauka alizibadili, akazifunga kwa kipimo cha mguu wa mumewe, ambao mikono yake iliujua gizani na mwangani. Mwisho alipaka mafuta ya mbarika, akayasugua mpaka mti ukawa na joto kama la mtu.

Siku za upepo mironjo iligonga mwamba wa paa. Ko. Ko. Halafu kimya, halafu ko. Mguu wa kushoto unachelewa. Sijaona alilala akiusikiliza.

Miezi miwili sasa hakuwa amepaka. Mbegu za mbarika za mwisho walizichoma zikawa taa wakati Hamidu alipougua homa, na msituni hakukuwa na nyingine. Aliteremsha jamvi mara moja, akasugua kwa mikono mikavu, akalirudisha akiona haya, kama mke aliyempa mume maji matupu akayaita uji.

*

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye Sijaona alimkwepa. Fikirini aliondoka siku ile ile na Chilumba, na miezi saba iliyopita alirudi peke yake kutoka Lindi, amekonda, shingoni ana kovu la kuzunguka kama kidani. Nyumba yake ilikuwa kando ya njia ya kuteremkia maji. Newala maji yako bondeni, unashuka asubuhi unapanda mchana, na njia ni hiyo. Sijaona alijitafutia nyingine, yenye miiba, ndefu maradufu. Wanawake walimwona. Wakamwachia miiba yake.

Siku moja Fikirini alimsubiri huko huko kwenye miiba.

"Shemeji, unachoka bure."

"Njia hii ina kivuli."

"Haina kivuli, shemeji. Nina neno lako. Nimelibeba toka pwani, linanielemea." Akagusa shingo. "Kwenye mnyororo mimi nilikuwa wa tano. Na wa sita—"

"Maji yanamwagika," akasema Sijaona, na mtungi wake ulikuwa mtupu, alikuwa bado anashuka. Akampita. Alisikia nyuma yake yule mwanamume akivuta pumzi, kama aliyepandisha mzigo tena kichwani.

*

Siku kumi na mbili kabla watoto hawajatoka likumbi, Hamidu aliletwa nyumbani mikononi mwa wenzake wawili. Alikuwa akijaribu miguu kule nyuma ya mashamba, mronjo wa kulia ukakatika chini yake. Bega limechunika, goti limejaa. Akalazwa kwenye mkeka. Sijaona alikuwa anamkanda kwa maji ya moto, Haji akaingia. Safari hii hakupiga hodi vizuri, na kapu halikumfuata.

Akatupa vipande viwili vya mti sakafuni. "Tazama, Mama Hamidu."

"Umevunjika."

"Umevunjwa."

Sijaona akaokota kipande, akakigeuza. Unga laini ukamwagika kiganjani mwake, wa rangi ya manjano. "Umeliwa na dumuzi, Mzee Haji. Ndani umebaki kama bua. Ulipakwa mafuta lini?"

Haji akatabasamu. Akawageukia wale vijana wawili waliosimama mlangoni. "Mmesikia? Mama Hamidu anajua miti ipi hupakwa mafuta."

Sijaona akakiweka kipande chini polepole.

"Sina ugomvi," akasema Haji. "Kilichovunjikia mguuni mwa mtu ni cha mtu huyo. Mimi jozi imenipungua, nyumba hii ina jozi imekaa tu. Nitachukua hiyo. Siku ya watoto Hamidu ataipanda yeye, si mwingine, na nusu yake ataipata kama siku zote. Nimeonea?"

"Nikodi ya baba yangu?" Hamidu akasema kutoka mkekani.

"Mwenzio anakodi. Hajafa."

Haji akapanda kwenye kigoda, akakata kamba, jamvi likashuka na masizi yake. Sijaona alisimama. Mikono ilimtoka mbele, akairudisha. Akiigusa miti mbele ya wanaume hawa, kazi imekwisha: faini ya mbuzi ambaye hana, na miti iliyoguswa na mwanamke inatolewa nyumbani inakuwa mali ya wanaume, na wanaume wangeiweka wapi kama si kwa Haji?

Haji alitarajia kuona miti iliyofubaa. Alipolifunua jamvi akaacha mdomo wazi. Mironjo iling'aa. Ilikuwa myekundu, hai, kamba zake mpya. Akapitisha kiganja juu ya mti, akakiinua. Vidole vilikuwa vinachuruzika mafuta.

"Haya mabichi," akasema taratibu. "Ya leo. Nani amepaka?"

Vijana mlangoni walimtazama Sijaona. Hamidu naye alimtazama. Sijaona alitazama mikono yake mwenyewe: mikavu, ina nyufa, ina majivu na unga wa dumuzi. Nyumbani mle hamkuwa na tone la mafuta kwa miezi miwili. Harufu ya mbarika ilikuwa inajaa chumba, nzito, tamu kidogo, kama jioni zile Chilumba alipokuwa akijiandaa.

"Nani amepaka, Mama Hamidu? Ni mkono wa nani?"

"Wa mwenyewe," akasema Sijaona.

"Mwenyewe gani?"

"Mwenye miti. Chilumba. Huja, akapaka, akaondoka."

Mmoja wa vijana akatoka mlangoni akasimama uani. Wa pili akamfuata, akijikwaa.

Haji hakuwa mtu wa kukimbia mapema. "Anayekuja namna hiyo," akasema, na sauti yake ilikuwa imepungua nusu, "anakuja kutoka wapi?"

Sijaona aliona swali lile linavyomjia, akaona hakuna njia nyingine yenye miiba ya kulikwepa. Akisema hajui, miti inakwenda. Akisema ni yeye, miti inakwenda.

"Anakotoka unakujua," akasema. "Chukua basi. Ukafike nayo kwako, umweleze wewe mwenyewe habari za nusu kwa nusu."

Haji akashuka. Akatoka uani akainama, akasugua vidole vyake mchangani, akavinusa, akasugua tena. Aliondoka bila kuaga, na mpaka anapotea kwenye mbaazi alikuwa bado anajifuta kwenye kanzu.

Ndani, Sijaona alikaa chini karibu na mironjo. Aliiokoa. Ndipo alipojisikia baridi.

"Mama," akasema Hamidu. "Umesema."

"Nimesema nini?"

"Umesema baba huja." Kijana alikuwa analia bila sauti, machozi yanapita masikioni kwa vile amelala. "Mtu aliye hai haji hivyo."

Sijaona alijifuta unga wa dumuzi mikononi. Maneno aliyoyazuia mavuno mawili aliyatoa mwenyewe, kwa ajili ya miti miwili, mbele ya Haji. Hakumlilia mumewe kwanza. Alimtumia kufukuzia mnunuzi.

Hamidu akajifuta machozi, akauliza, "Mafuta ulipata wapi?"

"Si wewe?"

"Mimi? Mama, mimi siijui hata harufu yake toka niugue."

Wakaitazama miti. Hakuna aliyenyoosha mkono. Kisha Sijaona akavuta pumzi, akaishika waziwazi, mbele ya macho ya mwanawe, akaanza kulegeza kamba za Chilumba ili zipimwe upya kwa mguu wa Hamidu. Fundo la kushoto lilikataa kufunguka. Ilibidi atumie meno.

*

Siku ya watoto jua lilikuwa limeinama upande wa Masasi. Wanawake walikaa mbele ya nyumba na kaniki zao, wamekonda, wamejipaka udongo mweupe usoni badala ya unga, kwa sababu sherehe ni sherehe. Ngoma zikaanza nyuma ya mashamba. Kurwa alikaa bega kwa bega na Sijaona.

"Unatetemeka, Mama Hamidu."

"Njaa."

"Sote tuna njaa. Wewe unatetemeka."

Kikatokea juu ya mbaazi kichwa, kisha mabega, kisha nguo ndefu isiyoisha. Kikayapita mapaa. Wanawake wakapiga vigelegele, halafu vigelegele vikakatika kimoja kimoja, kama taa zinazozimwa. Kwa maana yule aliyekuja alitembea hatua mbili ndefu, na ya kushoto akaiburuta. Ko. Ko. Kimya. Ko. Hakuna mwingine Newala aliyetembea hivyo huko juu. Hamidu alijua kisigino kimeisha upande mmoja, alikuwa na panga, angeweza kukisawazisha. Hakukisawazisha. Au alikisawazisha, na mti ukakataa. Sijaona hakumuuliza kamwe.

Kurwa akajifunika uso. "Mungu wangu," akanong'ona. "Mungu wangu, ni yeye."

Yule mrefu akasimama katikati ya uwanja. Wanawake wakauliza kama inavyotakiwa: "Mgeni ametoka wapi?"

"Ametoka mbali," wanaume wakajibu.

"Ni wa nani?"

Hapo wanaume hunyamaza. Ni mwanamke atakayesema, na husema jina la marehemu wake aliyemzika. Asiposema mtu, mgeni hurudi alikotoka na watoto hawatoki. Miaka yote Sijaona aliwasikia wenzake wakitaja waume zao na baba zao wakati Chilumba wake anawainamia kutoka juu, na yeye amepiga magoti anajifanya hamjui.

Ngoma zikapigwa chinichini, zikingoja. Watoto waliokaa msituni mwezi mzima zaidi ya desturi walisimama ukingoni, mbavu zinahesabika.

Sijaona akainuka.

"Ni wangu," akasema. Akarudia kwa nguvu. "Ni wangu. Ni Chilumba."

Yule mrefu akainama. Aliinama mpaka kinyago kikawa sawa na uso wake, na ndani ya tundu za macho kulikuwa na macho yaliyolowa, na harufu ya mbarika ikamfunika Sijaona mzima. Alijua ni mtoto wake. Alijua pia si mtoto wake peke yake.

*

Asubuhi kapu la malipo ya mchezaji lilikuwa ndani ya nyumba, zima, halijagawanywa. Juu ya meko jamvi lilirudi mahali pake. Upepo ulikuwepo, na hakikugonga kitu.

Sijaona alibeba mtungi akateremka kwa njia ya zamani. Fikirini alikuwa mbele ya nyumba yake anasuka ukindu. Alipomwona akaacha kusuka, ila hakusema kitu, asije akamtisha akakimbia tena.

"Shemeji," akasema Sijaona. Akatua mtungi. "Ulisema kwenye mnyororo ulikuwa wa tano."

"Nilikuwa wa tano."

"Niambie habari za wa sita."

Fikirini akamsogezea kigoda, naye akakaa.